Tuta Halina Jina

Mkwajuni kila mtu anajua shimo. Wilaya yetu ya Songwe imekaa juu ya dhahabu, na tangu enzi za mgodi wa Saza, uliofungwa miaka ya 1950, watu wa huku wameizoea ardhi iliyotobolewa: maduara yanayochimbwa leo, maduara yaliyotelekezwa, na makarasha yanayosaga mawe mpaka usiku. Shimo humtunza mwenyewe. Mtu anaweza kufa, na miaka mingi baadaye wenzake wakalitaja bado kwa jina lake: lile pale ni duara la fulani, usipite karibu.

Mimi na mwenzangu ujana wetu uliishia kwenye kazi ya namna nyingine. Tulichimba ili tujaze. Tulikuwa vibarua wa tuta, wakati reli ya TAZARA inatoka Mbeya kupita Mbozi kwenda Tunduma. Mwenzangu amefariki. Baada ya arobaini mwanawe mkubwa alikuja kwangu, akakaa kwenye benchi, akazungumzia mahindi, kisha akasema, "Baba mdogo, nipeleke nikaone baba alipofanyia kazi."

Nikakubali upesi, kama mtu aliyeombwa maji. Tukapanda gari mpaka Mbalizi, tukaliacha joto la bonde la Rukwa nyuma yetu, tukashika barabara kuu mpaka Vwawa. Njiani nilimpa historia, kwa sababu historia ni rahisi kusimulia. Nilimwambia jinsi walowezi wa Rhodesia walivyojitangazia uhuru wao wa bandia mwaka 1965, na shaba ya Zambia ikakosa njia salama ya kwenda baharini. Wakubwa wa Magharibi walisema reli hiyo hailipi, wakakataa kuigharamia. Nyerere na Kaunda wakaenda kwa Wachina, makubaliano yakatiwa saini Beijing Septemba 1967, kwa mkopo usio na riba. Kazi ikaanza mwaka 1970: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Agosti 1973 reli ilifika Tunduma, na Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi.

Kijana alisikiliza kwa adabu. Haya yote aliyasoma shuleni.

Tulipofika karibu na Vwawa tukaacha lami, tukakata kati ya mibuni na mashamba ya mahindi mpaka relini. Akasimama, akatazama kushoto na kulia. "Ni wapi hasa?"

Mtu aliyejenga nyumba huonyesha ukuta, na fundi wa daraja huonyesha nguzo. Mimi niliona nyasi. Tuta lilishindiliwa tabaka juu ya tabaka, juu yake ikaja kokoto, juu ya kokoto mataruma ya zege, juu ya mataruma chuma. Kazi ya udongo ikifanywa vizuri humezwa na nyasi, na asiyejua hudhani Mungu aliuumba mwinuko ule pale tangu mwanzo. Ni tuta lililofanywa vibaya tu ndilo hujitangaza, kwa kubomoka. Nilitembea huku na huku nikitafuta karavati moja ninayoikumbuka, nikaona karavati tatu zinazofanana. Mwishowe nikanyoosha mkono mbele, mpaka reli inapopinda, nikasema, "Hapa. Hapa pote." Alipiga picha.

Laiti mwenzangu angekuwepo, angenikatalia palepale. Angesema si hapa, ni kule mbele, wewe hukuwa na macho tangu zamani. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu. Kwa miaka yote tulipokutana hatukukumbushana bali tulibishana: nani kati yetu alikuwa wa kwanza kushika toroli, yule fundi wa Kichina mrefu alipenda ugali au alikuwa anatuhurumia, siku reli ilipofika Tunduma mvua ilinyesha au haikunyesha. Yeye alishikilia kwamba ilinyesha. Mimi nilimjibu kwa tarehe: ilikuwa Agosti, na nani aliona mvua ya Agosti huku kwetu? Hakukubali hata alipokuwa kitandani. Sasa ushindi ni wangu, na kila ninalolisimulia linapita bila pingamizi. Sikujua kwamba msiba unaweza kumfanya mtu awe na haki katika kila jambo. Watoto huitikia tu, "Ndiyo, mzee." Nikiongeza chumvi, inakolea hivyohivyo.

Wachina waliofia kwenye kazi ile, zaidi ya 60, wana makaburi yao nje ya Dar es Salaam, upande wa Gongo la Mboto, na wageni kutoka kwao hufika kuweka maua. Silionei wivu jambo hilo. Walikufa mbali na mama zao, na tuliwaona wakishika chepe na sururu pamoja nasi wakati tulitarajia wasimame na kutoa amri. Ila kwetu tuliozikwa, na tutakaozikwa, kila mtu kijijini kwake, hakuna mahali pa kwenda kusema: hawa ndio waliokuwa kikosi kimoja. Maelfu ya watu wa tuta walirudi kwenye mashamba. Karatasi za malipo zimeliwa na mchwa, na daftari la mahudhurio lilikuwa kichwani mwetu. Kichwa kimoja kimeshazikwa.

Kisha tukaenda Tunduma, kwa kuwa kijana alitaka kuona mpaka. Malori yamepangana yakisubiri kuvuka kwenda Nakonde, na yanayotoka huko yamebeba shaba, ileile tuliyoambiwa tunaitengenezea njia. Reli iko palepale mjini. Ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, na mwaka 2014/15 ilibeba tani zisizofika 100,000. Mabehewa yalichakaa, injini zikapungua, na mizigo ikahamia barabarani kidogo kidogo. Nilitegemea kuumia zaidi nilipoyaona malori yale. Sikuumia sana. Chuma kinaweza kurudi: mwaka 2025 ulitiwa saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina ya CCECC, wa dola za Marekani bilioni 1.4, kuifufua njia yote. Hata daraja la Chambeshi upande wa Zambia, lililolipuliwa na majeshi ya Rhodesia mwaka 1979, lilijengwa tena.

Kijana aliniambia mwanawe ni fundi wa kuchomelea na anataka kuomba kazi huko kazi zikianza. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Nikamwambia, akipata, anunue daftari na aandike majina ya wote atakaofanya nao kazi, na wanakotoka, hata wale wapumbavu.

Akacheka. "Baba mdogo, siku hizi yote yako kwenye simu."

"Na simu ya baba yako iko wapi?"

Akafikiri kidogo. "Tulimpa shemeji. Alifuta vitu vyote, ilikuwa imejaa."