Ugeuze Uone Mgongo Wake

Des Moines, Iowa
Mwezi wa pili

Mwanangu,

Barua yako nimeipata pamoja na picha ya cherehani, nimeikalia jioni nzima nikiitazama. Baba yako angekuwa hai angeizunguka mara tatu akiuliza inakula umeme kiasi gani. Hongera sana. Fremu ya futi 12 ndani ya gereji yako hapo Columbus, nasi tulianza na cherehani ya kukanyaga kule Tanga! Nimefurahi mpaka nikampigia simu mama yako usiku wa manane wa kwao.

Lakini kuna maneno katika barua yako yamenikaa kooni. Umesema kwenye chama cha washonaji hutakwenda tena, maana kazi zimekuwa nyingi na wale akina mama wazee wanapiga soga tu. Hayo ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Wewe kazi hii umeikuta tayari ina mashine. Zamani huku, uso wa mfarishi ukishaungwa viraka, ulitandazwa juu ya pamba na kitambaa cha mgongo, vyote vikawambwa kwenye fremu ya mbao. Wanawake waliizunguka, kila mmoja na sindano yake, mpaka tabaka tatu zikashikana. Ulikuwa msaragambo kabisa, ila wa sindano badala ya jembe. Humo ndimo walimopeana habari za uchumba na za misiba, na ndimo binti alimoonywa kwamba mishono yake ni mipana mno. Leo cherehani ya mkono mrefu inafanya kwa siku moja kazi ya mikono ile yote. Siipingi, inanilisha. Ila imeliondoa lile duara la watu. Anayeishika husimama peke yake usiku na kitambaa cha mtu mwingine, na hakuna jicho la pili.

Nikueleze lililonipata, maana sijawahi kukusimulia.

Mwaka wangu wa pili na mashine, mjane mmoja aliniletea uso alioushona kwa mashati ya mumewe, mashati 14 ya flana ya shambani. Kulikuwa na mama wa Gee's Bend, Alabama, aliyeitwa Missouri Pettway, ambaye mumewe alipofariki alichukua nguo zake za kazi akazishona mfarishi ajifunike nao. Hiyo ilikuwa mwaka 1942. Mteja wangu alikuwa katika hali ile ile. Nikaufunga mfarishi kwenye fremu, nikashona hadi saa nane za usiku. Upande wa juu ulipendeza. Kesho yake nikaupeleka chamani kwetu kuuonyesha. Bibi mmoja wa miaka themanini na kitu, kabla hata hajautazama uso, akaugeuza. Akafumba macho, akapitisha kidole mgongoni mwa ule mfarishi polepole, kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Hakusema neno mbele za watu. Alinishika mkono tu, akakipeleka kidole changu pale pale: vitanzi, vitanzi, vitanzi. Uzi wa juu ulikuwa umelegea, ukavutwa chini wote, na uzi wa bobini umelala juu yake umenyooka kama kamba ya kuanikia. Ungevuta sehemu moja, mstari mzima ungefumuka.

Wanne kati ya wale wapiga soga walibaki nami. Siku mbili tulikaa kwenye meza iliyo ghorofa ya chini ya kanisa tukifumua mshono mmoja mmoja, na katika kufumua huko nikautoboa mfuko wa shati moja. Nilitaka kuficha. Bibi yule akaniambia niende nikamwonyeshe mwenyewe. Nikaenda, miguu haina nguvu. Mjane akaingiza kidole kwenye tundu, akanyamaza kitambo, kisha akanitolea kola iliyokuwa imebaki, akasema niifanye kiraka hapo.

Tangu siku hiyo sianzi kazi bila kujaribu mkazo wa uzi kwenye kitambaa cha pembeni, na kila nikibadilisha bobini nainama na tochi kuangalia chini. Hilo utalifanya pia, najua. Lakini nisingelijua lolote kama ningekuwa peke yangu. Ningeukunja ule mfarishi nikaufunga na utepe, na yule mama angelala chini yake mwezi mmoja kabla haujaanza kumfumukia.

Kazi niliyoimaliza wiki iliyopita ningependa uione kwa macho yako. Dada watatu wenyeji wa Mombasa waliniletea kanga 9 za marehemu mama yao. Kanga ni nyepesi kuliko vitambaa vya kushonea mifarishi vya huku, na nyekundu huchuja rangi. Nilizifua moja moja kwa maji baridi mpaka maji yakatoka safi. Tatizo likawa majina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga. Ukikata vipande vya mraba, jina linakatika, na mama wa watu unamkatisha usemi. Siku tatu sikugusa mkasi. Nilizibeba zote nikaenda nazo chamani, nikazitandaza. Mama mmoja mkulima wa mahindi, Kiswahili hajui hata neno, akauliza maneno yale yanasomwa kuanzia wapi kwenda wapi. Nikamwonyesha. Akasema basi yaache yatembee.

Nikayatoa majina mazima mazima yakawa mistari mirefu, nikayapisha na vipande vya mji na pindo. Kwenye kushona niliizima kompyuta, nikaiongoza mashine kwa mikono, uzi ukazunguka kila herufi pasipo kuikanyaga. Herufi zimevimba kidogo kwa pamba iliyo chini. Unaweza kuzisoma gizani kwa vidole. Dada mkubwa aliupokea, akaupekua mpaka akaipata kanga aliyobebewa mgongoni, akaiweka shavuni.

Sasa bei. Unatoza senti moja kwa inchi ya mraba ili upate wateja. Mfarishi wa inchi 60 kwa 80 una inchi za mraba 4,800, yaani dola 48, hujatoa uzi wala sindano wala mgongo wako unaouma. Umejipangia bei hiyo ukiwa peke yako na hofu yako. Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837, alionyesha mfarishi wake wa visa vya Biblia huko Athens, jimboni humo, mwaka 1886. Alitakiwa auuze akakataa. Shida zilipombana akauachia kwa dola 5, na baadaye akawa anarudi kwa mnunuzi kuutazama tu. Leo umehifadhiwa Smithsonian. Kila nikiikumbuka hiyo safari yake ya kwenda kuutazama, moyo unanisokota. Nenda kawaulize wazee wa hapo kwenu wanatoza nini. Watakwambia, na watakugombeza.

Mwezi uliopita chama chetu kilimaliza mifarishi sita ya Quilts of Valor, ule mpango ulioanza 2003 wa kuwafunika wanajeshi walioguswa na vita. Mimi nilishona bure, wenzangu wakatia pindo kwa mkono. Ni wao waliotuletea chakula wiki tatu mume wangu alipolazwa, theluji imefika magotini, sufuria zinakuja zimefungwa kwa mabaki ya vitambaa. Mpaka leo sijamaliza kuyarudisha yale mabaki.

Jambo dogo la kazi: waambie wateja wako kitambaa cha mgongo kizidi uso kwa inchi 4 kila upande. Usione haya kukirudisha kikipungua.

Kwenye bahasha nimekutilia bobini tatu na kipande cha kujaribia. Mishono yake nimeiharibu makusudi kwa kulegeza uzi kidogo kidogo, upande wa juu huoni kitu. Usikigeuze kukitazama. Nenda nacho chamani Jumanne, mpe aliye mkubwa kuliko wote, umwombe akuonyeshe kwa kidole ni wapi nilipoanza kulegeza.

Shangazi yako