Glavu za Mbega

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kapsoit, kando ya barabara ya Kericho kwenda Kisumu. Ni Mkisii ninayeishi kati ya Wakipsigis. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliteketeza kibanda changu na cherehani ndani yake. Niliporudi nikawashonea majirani sare za watoto wao, nikapokea pesa, nikanyamaza. Miaka mingi nimeishi hivyo, salamu tu na kazi.

Kisha mwalimu mmoja akaniletea kazi ya mavazi ya wanyama. Wanafunzi wa shule ya msingi wangeigiza mchezo wa nyimbo: msitu wa Mau umekatwa, mito imekonda, wanyama wameteremka hadi mashamba ya majani chai, wanagombania nani atangulie kunywa.

Simba nilimwekea manyoya ya mkonge. Korongo nikamfumia taji. Nilipofika kwa mbega, bibi mmoja Mkipsigis aliyekuja kurekebishiwa sketi akaziangalia zile glavu, akaniambia, "Fundi, huyo wako si mbega. Mbega hana kidole gumba." Alichuma chai ujana wake wote kando ya msitu, akiwatazama mbega wakirukaruka juu yake. Nikazifumua zote, nikaondoa gumba, nikaziba.

Sketi ilipokwisha hakuondoka. Akanieleza kwamba kila ukoo wao una mnyama wake: wako wa simba, wako wa ndovu, wako wa korongo. "Na kwenu je?" Nikamwambia sisi Abagusii pia koo zetu zina wanyama. Tukaongea mpaka giza likaingia. Tangu moto ule, hapa Kapsoit hakuna aliyewahi kuniuliza habari za kwetu.

Bibi huyo ndiye aliyemkumbusha mwalimu wimbo wa Chemirocha. Mwaka 1950, kule Kapkatet, Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis wakimwimba kiumbe nusu mtu, nusu paa. Asili yake ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huku. Jina lake likageuka midomoni mwa watu likawa Chemirocha. Mwalimu akamwingiza kiumbe huyo kwenye mchezo kama mgeni mwenye kiu, asiye na ukoo. Nafasi hiyo hakumpa mtoto wa Kikisii, nami namshukuru sana kwa hilo. Alimpa mvulana wa Kikipsigis. Binti yangu alikuwa ndovu, na ndovu ndiye aliyesogea kumpisha mgeni mtoni.

Siku ya mchezo wazazi waliimba pamoja na watoto, nami nikaimba, kwa Kikipsigis changu kibovu, bila kuangalia nani ananisikia.

Sasa akina mama wanashonea kwangu Jumamosi, tunatayarisha mchezo mwingine. Muhula huu nilisimama mbele ya mkutano wa wazazi, nikadai kabati la mavazi, kwa sababu panya wameanza kuutafuna mkia wa simba. Tumeahidiwa mbao. Seremala amepatikana, ni mtoto wa yule bibi.