Levo 92 Siyo Karibu na 99

Kuna mshkaji mmoja wa Dar alimwahidi mpenzi wake kitu kidogo tu: akifikisha levo 99 ya kukata miti kwenye Old School RuneScape, gemu basi. Siku anaahidi alikuwa levo 92. Dada wa watu akapiga hesabu ya kawaida: zimebaki saba, wiki mbili tatu yameisha.

Kumbe hesabu za gemu hilo haziko hivyo. Kutoka levo ya 1 kwenda ya 2 unahitaji pointi 83 tu. Lakini kila levo inadai karibu asilimia 10 zaidi ya iliyotangulia, na huko juu ni balaa. Levo 92 ni pointi 6,517,253. Levo 99 ni 13,034,431. Yaani aliyefika 92 ndiyo kwanza yuko nusu ya safari! Kwa miti ya yew, ambayo gogo moja linatoa pointi 175, jamaa alikuwa bado anadaiwa magogo zaidi ya 37,000.

Miezi ikakatika. Wali unapoa mezani, jamaa macho kwenye simu, anakata miti. Bibie akaja kuujua ukweli kwa mdogo wake wa kiume, naye mchezaji.

Wengi watasema tatizo ni gemu. Siyo kihivyo. Mwendo wa kobe una utamu wake: kama 99 ingepatikana wikiendi moja, nani angeringa na lile joho la waliofika? Assassin's Creed Odyssey ya 2018 iliuza kwa hela halisi nyongeza ya kudumu ya pointi, na wachezaji wakalalamika kuwa gemu limecheleweshwa makusudi ili wanunue. Levo ya kununua haina heshima.

Kilichomuuma bibie siyo magogo. Ni kwamba jamaa hesabu alikuwa anaijua tangu siku anaahidi, akamwacha aamini zimebaki saba. Mtu anayekupenda anaweza kusubiri hata mwaka, ila anataka ajue kabisa kuwa anasubiri mwaka.

Kwa sasa jamaa yuko levo 95, anacheza Jumamosi tu. Barua ya posa bado haijafika kwa kina dada.

Haya wadau, ingekuwa wewe ungesubiri, au ungesepa zako?