Dawa ya Kemo Nayo Inahitaji Hakikisha Yake

Wadau, fikirieni hivi. Ukimtumia mtu shilingi 200 kwa M-Pesa, simu inakuonyesha jina lake kwanza. Ulitaka kumlipa mama mboga, unaona jina la jamaa humjui kabisa, unasimamisha. Hiyo inaitwa Hakikisha, na tumeizoea hadi hatuioni tena.

Sasa swali langu ni hili: kama shilingi 200 zinalindwa hivyo, dawa ya kemo inayoingia kwenye mshipa wa mama yako inalindwa na nini?

Siulizi ili kutisha watu. Kemo inaokoa maisha, na ukiandikiwa, nenda. Lakini kati ya dozi inayotibu na dozi inayoumiza nafasi ni ndogo sana. Na si mambo ya kidonge kimoja kutwa mara tatu. Dozi nyingi za kemo hupigiwa hesabu: unachukua urefu na uzito wa mgonjwa, unapata eneo la mwili wake kwa mita mraba, unazidisha na kiwango cha dawa. Halafu kuna siku ngapi, dripu iende mwendo gani, hii ni awamu ya ngapi, damu imepimwa ikawaje. Haya yote yakiandikwa kwa kalamu na mtu ambaye hajakaa chini tangu asubuhi, yaani, kosa halihitaji mtu mbaya ndio litokee.

Mwaka wa 1994, Betsy Lehman, mwandishi wa habari za afya wa gazeti la Boston Globe kule Marekani, alikuwa akitibiwa saratani katika hospitali ya Dana-Farber, moja ya zile kubwa kabisa duniani. Dozi iliyotakiwa kugawanywa kwa siku nne ilisomwa kama dozi ya kila siku. Akapewa mara nne ya kipimo. Alifariki Desemba, akiwa na miaka 39, na kosa lilijulikana miezi miwili baadaye, rekodi zilipokuwa zikipitiwa. Baada ya hapo hospitali hiyo iliweka mfumo wa kompyuta wa kuagiza dawa, ambao unakataa dozi ikipita kiwango kilichowekwa.

Hapo utasema, basi tununue kompyuta tumalize. Pole pole.

Mwaka wa 2006, mjini Edmonton, Kanada, mgonjwa aliwekewa pampu ya kidijitali ya kumpa dawa ya kemo kwa siku nne. Mtu akakosea hesabu, akasahau kugawanya kwa saa 24, na pampu ikaandikiwa mililita 28.8 kwa saa badala ya 1.2. Nesi wa pili alihakiki, naye hakuliona kosa. Dawa ya siku nne ikaingia kwa saa nne, na mama huyo akafariki. Pampu haikuharibika wadau. Ilifanya sawasawa kile ilichoambiwa.

Hizo kesi mbili ndizo zilinifanya nione maana ya Hakikisha. M-Pesa haikuulizi tu, "una uhakika?" Ingekuwa hivyo tungebonyeza ndiyo bila kusoma, kama tunavyokubali masharti ya kila programu tunayopakua. Inakuonyesha jina, kitu ambacho wewe hukuandika. Hapo ndipo kosa hushikwa. Mfumo wa kemo nao ufanye vivyo hivyo: "Dawa hii hupewa kwa siku nne, wewe umeweka saa nne." Ukipiga kelele kwa kila jambo dogo, wahudumu watazoea kuupuuza, na siku ya hatari watabonyeza tu.

Na hata mfumo mzuri namna gani, ukiulisha uongo utakurudishia uongo. Nimemsindikiza shangazi yangu kliniki kwa miezi kadhaa. Alianza akiwa na kilo 71, ugonjwa na kichefuchefu vikamkausha. Awamu ya nne, fomu bado ilikuwa na zile kilo 71 za siku ya kwanza, zinanakiliwa tu. Mfamasia mmoja alimtazama, akamtazama tena, akauliza, "Mama, ulipimwa lini mara ya mwisho?" Wakampima: kilo 62. Dozi ikapigiwa hesabu upya, ikashuka kidogo. Pengine tofauti ile isingemuua. Lakini kompyuta gani ingejua kwamba zile kilo 71 ni za zamani, kama haikuambiwa tarehe ya kupima? Mfumo mzuri ungegoma: hakuna uzito wa leo, hakuna dozi ya leo.

Kuna jambo lingine ambalo karatasi haiwezi kabisa. Ile dawa nyekundu, doksorubisini, ina kikomo cha maisha, manake ikizidi huweza kuharibu moyo. Sasa mtu aanze matibabu Kisii, ahamie Eldoret, amalizie Nairobi, faili likiwa kwenye mfuko wa nailoni. Nani anajumlisha? Na si kwamba hatuwezi. Kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwa kompyuta mwaka wa 2001, na kazi iliyoanzia huko ilisaidia kuzaa OpenMRS, mfumo unaotumika leo katika nchi nyingi. Sheria ya Afya ya Kidijitali tunayo tangu 2023. Kilichobaki ni kuamua kwamba dozi ya mgonjwa wa saratani ni muhimu kama salio lake la simu.

Kwa hivyo mtu akija na maneno matamu ya akili mnemba itakayotibu saratani, mimi nitamuuliza vitu vya chini kwanza. Mizani inafanya kazi? Umeme ukipotea mnafanyaje? Mfamasia ana nguvu ya kusimamisha dozi ya daktari mkubwa bila kufokewa?

Nawe unayesindikiza mtu, simu yako ni mwanzo mzuri. Piga picha mpango wa matibabu. Andika majina ya dawa, awamu, tarehe na uzito wa siku hiyo. Kabla dripu haijafunguliwa uliza kwa heshima: hii ni dawa gani, itachukua muda gani, na uzito mliotumia ni wa leo? Nesi mzuri hatakasirika. Atafurahi kupata jozi nyingine ya macho.