Kengele ya Kisauni
CMS ilipoanzisha Frere Town, Kisauni, mwaka 1875, iliwapokea watu waliookolewa utumwani. Kengele yake iliwatahadharisha juu ya wateka-watumwa. Kaskazini ya hapo, Shimo la Tewa, ipo Borstal, ambayo sheria iliitengea wavulana wa miaka 15 hadi 17, kwa kifungo kisichozidi miaka 3. Aghalabu wageni wa ng'ambo huwazuru wafungwa vijana kwa nyimbo, sabuni na Biblia, kisha huabiri ndege. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini kijana afunguliwapo hamkuti mgeni langoni. Hukutana na jirani, naye jirani humwita mwizi. Ukristo wa Kisauni ulikua kwa kumpokea aliyefunguliwa. Kwa huyu utapimwa.