Vidonda vya Mwaloni

Nilipoanza kazi ya unesi Mwanza, katikati ya miaka ya 1980, ugonjwa wa UKIMWI ulikuwa umeshavuka ziwa. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia mwaka 1986 hapakuwa na mkoa wa Tanzania Bara ambao haujatoa taarifa ya mgonjwa. Sisi hatukuzingoja taarifa. MV Victoria ilikuwa ikifunga gati asubuhi kutoka Bukoba, na katikati ya abiria na mikungu ya ndizi walishuka vijana walioshikiliwa na kaka zao huku na huku, mashavu yamebonyea, shati linaning'inia mabegani. Walipakiwa kwenye gari na kupandishwa kilimani, hospitali ya Bugando. Kagera waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa cha magendo kilichokuwa kikipita mpakani. Kwetu watu walisema tu "ule ugonjwa", au walisema karogwa.

Hilo la kurogwa msiliangalie kwa dharau. Fikirini mtu aliyepata fedha za sangara, akanunua nyavu na mashine ya mtumbwi, akaezeka bati. Anaanza kukonda. Anakufa. Mwaka haujaisha mke wake anafuata, kisha mke mdogo, kisha mtoto wa mwisho aliyekuwa bado ananyonya. Jirani yake maskini mzima wa afya. Ni nani asiyeona hapo mkono wa mwenye husuda? Kirusi cha UKIMWI, VVU, kinapita kwa watu walio karibu kabisa: wapenzi, mama na mwanawe. Tena mtu anayeambukizwa leo hukaa miaka minane, pengine kumi, analima na kuvua kama kawaida. Siku anapoanguka, hakuna anayekumbuka safari ile ya zamani. Chanzo na matokeo vimetenganishwa mno kiasi kwamba jicho la kawaida haliwezi kuviunganisha, na mganga wa kienyeji alikuwa na jibu la haraka kuliko letu.

Jibu letu lilikuwa gumu kulieleza. Kirusi chenyewe hakimalizi mtu moja kwa moja. Kinaingia ndani ya chembe nyeupe za damu zinazoitwa CD4, zile zinazoamuru chembe nyingine zipambane na vijidudu. Kikishaingia, kinanakili maagizo yake ya urithi na kuyapachika katikati ya maagizo ya chembe yenyewe, na kuanzia hapo chembe iliyopaswa kutulinda inageuka kiwanda cha kuzalisha virusi vipya. Mwili unatengeneza CD4 nyingine, nazo zinaliwa, hadi siku zinapopungua mno. Hapo ndipo vinaingia vyote vilivyokuwa vikisubiri: kifua kikuu, utando mweupe mdomoni hadi kooni, kuhara kusikokoma, fangasi wa uti wa mgongo wanaomfanya mtu alie kwa maumivu ya kichwa usiku kucha.

Dalili tuliyoiogopa mapema kuliko zote sisi manesi ilikuwa mkanda wa jeshi. Ule nao unaletwa na kirusi, kilekile cha tetekuwanga. Mtoto anapona tetekuwanga akiwa na miaka mitano, lakini kirusi hakiondoki. Kinajificha kwenye mishipa ya fahamu na kutulia humo kwa sababu kinga inakibana. Kwa wazee kinaweza kuamka. Tulipomwona kijana wa miaka ishirini na mitano ana mstari wa malengelenge umemzunguka ubavu mmoja, tulitazamana bila kusema neno. Kirusi kimoja kilikuwa kimemwondoa mlinzi wa mwenzake.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 nilihamishiwa kituo cha afya mwambaoni. Mwalo wetu ulikuwa umechangamka. Sangara walikuwa na bei, na wavuvi walihama kambi hadi kambi wakiwafuata samaki. Fedha ililipwa kila siku na kila siku ilitumika. Pale pale kulikuwa na mama lishe, wachuuzi wa dagaa, vilabu vya pombe na nyumba za wageni za mabati. Wapo wanawake walioambiwa wazi kwamba bila kulala na mvuvi hawapati samaki wa kununua. Nasema hivyo kwa sababu mahubiri mengi ya wakati ule yaliwalaumu wao, kana kwamba walikuwa na machaguo ya kujaza kikapu.

Utafiti uliofanyika mkoani mwaka 1990 na 1991 ulionyesha picha kamili. Katika watu wazima wa vijiji vya ndani, asilimia 2.5 walikuwa na virusi. Katika makazi ya kando ya barabara kuu ilikuwa asilimia 7.3. Mjini ilikuwa asilimia 11.8. Kila palipokuwa na msafiri, fedha na kitanda cha kukodi, ndipo namba ilipopanda.

Na kila palipokuwa na hivyo palikuwa na kaswende, kisonono na pangusa. Wanaume walikuja kituoni wakitembea miguu imeachana. Sanduku la dawa la mwezi lilikuwa linakwisha kabla ya mwezi kufika katikati, kwa hiyo tuliwaandikia karatasi wakanunue. Walinunua vidonge vya rangi mbili kwenye kibanda, vinne kwa kesha moja la uvuvi, viwili wakampa mwenzao. Kidonda kilikauka juu na kubaki na uhai chini. Wanawake hawakuja kabisa. Wangekaa vipi kwenye benchi la barazani, mbele ya shemeji na mama mkwe, wakaulizwa kwa sauti wanaumwa nini?

Mwaka 1991 tuliitwa mafunzoni mjini. Mradi ulikuwa wa shirika la afya la AMREF, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, pamoja na London School of Hygiene and Tropical Medicine, ukishirikiana na serikali. Miongoni mwa walioongoza walikuwapo daktari Mjerumani Heiner Grosskurth na Mtanzania Frank Mosha. Walikuja na wazo ambalo kwangu lilikuwa jepesi hadi nikalitilia shaka: tibuni vizuri magonjwa ya zinaa ya kawaida kwenye vituo na zahanati, tuone kama VVU vitapungua.

Wakatufafanulia. Kidonda sehemu za siri ni ngozi iliyopasuka, hilo kila mtu analiona. Lakini kuna la ndani zaidi. Mwili unapopigana na kidonda unakusanya chembe nyeupe pale pale, na kati ya hizo zimo CD4, ambazo ndizo kirusi kinazitafuta. Kwa aliyekwisha kuambukizwa, usaha na majimaji ya kidonda hubeba virusi vingi kuliko kawaida. Kwa hiyo kaswende ya mume na kisonono cha mke vinakifungulia kirusi njia pande zote mbili. Penisilini haiui kirusi hata kimoja. Inaua bakteria tu, kama wale wa kaswende. Ila kidonda kikifunga, njia imefungwa.

Hatukuwa na maabara ya maana, na mradi haukutaka tuwe nayo. Tulifundishwa kutibu kwa dalili. Mwenye kidonda anapewa tiba ya kaswende na ya pangusa kwa pamoja siku hiyo hiyo, mwenye usaha anatibiwa magonjwa yote makuu yanayoleta usaha. Haendi kusubiri majibu, maana akienda hatarudi. Mtumbwi wake ukitoka leo, kesho yuko Ukerewe. Dawa zilikuja kwa mpangilio wa pekee na hazikukatika. Wasimamizi walifika kuangalia daftari na kutusahihisha. Kingine ambacho hakikuandikwa sana kwenye majarida lakini mimi nakitaja kwanza: tulipata chumba chenye mlango. Mganga wetu wa kituo alihamisha stoo ya magunia, tukaweka kitanda na pazia, na ndani ya miezi michache wanawake wakaanza kuja.

Kila mgonjwa alipewa kadi ampelekee mwenzake aje kutibiwa. Hapo ndipo kazi ilipokuwa.

"Nesi, nikimpa hii atanipiga," aliniambia mama mmoja mchuuzi wa dagaa, kadi ameikunja hadi imekuwa ndogo mkononi.

"Usimpe, dada. Mwambie tu nesi anakuita kuhusu uzazi wako. Akija mimi nitamwambia."

Mume alikuja, amevaa shati la Jumapili, akasimama mlangoni. "Shikamoo mama." Alikuwa mkubwa kuliko mimi kwa miaka si haba. Ule unyenyekevu ulinifundisha kiasi cha woga waliokuwa nao wanaume wale, waliokabili mawimbi ya usiku kwa mtumbwi wa mbao. Nilimjibu, "Mimi ndiye wa kukuamkia wewe, baba, karibu ukae," akacheka kidogo, tukaanza.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwezi Agosti 1995. Jamii kumi na mbili za mkoa, za visiwani, za mwambao, za kando ya barabara na za ndani, ziligawanywa jozi sita; katika kila jozi moja ilipata huduma hii na nyingine ikasubiri. Watu wazima wapatao 12,500 walitoa damu mwanzoni, na wengi wao wakatoa tena baada ya miaka miwili. Kati ya waliokuwa hawana virusi mwanzoni, asilimia 1.9 waliambukizwa katika jamii zilizosubiri, na asilimia 1.2 katika jamii zilizohudumiwa. Maambukizi mapya yalikuwa yamepungua kwa karibu asilimia 40. Duniani hapakuwa na jaribio lingine lililokuwa limethibitisha hivyo kabla. Mganga wetu alisoma ukurasa ule, akautua mezani, akausoma tena kwa sauti ili na mhudumu wa usafi asikie, kwa kuwa na yeye alibeba maji ya kuchemshia vyombo miaka yote ile.

Lililonigusa zaidi ni kwamba mwenendo wa watu, kwa maelezo yao wenyewe, haukubadilika sana upande wowote. Watu walewale, mwalo uleule. Walipewa tu matibabu ya heshima kwa maradhi ambayo kila mtu alikuwa akiyacheka. Wavuvi na wakulima waliokunja mikono na kutoa damu hawajajengewa mnara popote, na naona wangestahili.

Halafu Uganda wakajaribu kwa njia yao. Rakai, ng'ambo ya magharibi ya ziwa hili hili, dawa za magonjwa ya zinaa ziligawiwa nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi kumi, mwenye dalili na asiye nazo. Mwaka 1999 matokeo yalitoka: VVU havikupungua. Wapo waliosema basi Mwanza walibahatisha. Mimi sikubaliani nao. Kule ugonjwa ulikuwa umekomaa zaidi, umeshaenea kwenye ndoa na nyumba za kawaida, na vidonda vingi havikuwa vya kaswende. Tena mtu akipata kidonda wiki moja baada ya wagawaji kupita, anasubiri karibu mwaka. Kwetu mlango ulikuwa wazi kila siku.

Lakini kuhusu vidonda vile vingine walikuwa na hoja, na hata sisi tulianza kuviona: malengelenge yanayopasuka, yanapona, yanarudi, na penisilini haiyagusi. Ni kirusi cha herpesi, ambacho nacho hujificha kwenye mishipa ya fahamu kwa maisha yote. NIMR na London walifuata hoja hiyo. Wanawake waliofanya kazi kwenye baa na nyumba za wageni kaskazini magharibi mwa nchi walipewa asikloviri, vidonge vya kukibana kirusi hicho, na matokeo yakatoka mwaka 2008. Havikuwakinga na VVU. Niliumia, maana nilitamani mno vifanikiwe. Inaelekea hata kidonda cha herpesi kikifunga, chembe za CD4 hubaki zimekusanyika chini ya ngozi kwa muda mrefu.

Katika miaka hiyo nilisoma pia habari za sokwe wa Gombe, kule Kigoma. Tulikuwa tukiambiwa kwamba virusi vya jamii ya VVU kwa sokwe havina madhara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikanusha: sokwe wa Gombe wenye virusi hivyo hufa mapema kuliko wenzao wa rika moja, hatari yao ikiwa mara kumi hadi kumi na sita, na CD4 zao hupungua kama zetu. Kirusi cha binadamu kilichoenea duniani hakikutoka Gombe. Kilitoka kwa sokwe wa kusini mashariki mwa Kameruni, kikaingia kwa watu, yaelekea kwa damu ya windo, mwanzoni mwa karne ya 20, kisha kikaenea kutoka Kinshasa. Nilimsomea mchungaji wetu mstaafu, aliyewahi kusema madhabahuni kwamba ni adhabu. Alinyamaza, kisha akauliza sokwe wale walikosea nini.

Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na serikali mwishoni mwa mwaka 2004. Mwanzoni mtu alianzishwa CD4 zikishuka chini ya 200, na stavudini ilikuwa inaunguza nyayo hadi wengine wakashindwa kuvaa viatu. Ziko bora sasa, na tangu 2016 anayekutwa na virusi anaanza dawa bila kusubiri kuugua. Mama wa kadi iliyokunjwa alizipata mapema. Mume alikuwa ameshafariki. Aliletwa kwa baiskeli, kaka yake akimshikilia nyuma, na nilipompima uzito niliangalia mizani mara mbili. Mwaka uliofuata alikuwa amerudi mwaloni kuanika dagaa, na wasichana wanaofanya kazi kwake aliwaleta mwenyewe kupima, mmoja mmoja, akiwasubiri nje ya mlango.