Picha Yangu ya Kwanza

Msomaji, usidhani ya kwamba kukusanya picha ni kazi ya matajiri peke yao. Mimi nalianza kwa akiba ya mshahara wa ualimu, na nusura nianze kwa dhuluma.

Kijana mmoja, asiyejulikana bado, alikuwa ameegemeza picha zake ukutani kando ya njia mjini Nairobi. Moja ilinishika: mwanamke akipepeta mtama, na makapi yakipeperuka kama moshi. Akataja bei, nami, kwa mazoea ya sokoni, nikaikata nusu. Alinyamaza, akatazama vidole vyake vilivyojaa rangi, akakubali. Alipokuwa akiiviringisha nikamwuliza rangi na kitambaa vilimgharimu kiasi gani. Kumbe vilikaribia fedha niliyompa! Basi kazi yake ya siku kumi na moja naliichukua bure. Nikarudisha mkono mfukoni, nikamlipa alichotaka, nikamwomba aandike jina lake na mwaka nyuma ya picha.

Ukitaka kuanza, zoeza jicho kwanza. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, alikusanya sanaa kwa miaka mingi. Sehemu ya mkusanyo wake imo katika Nairobi Gallery, jumba lililojengwa mwaka 1913. Kisha nunua kile usichochoka kukitazama. Usinunue kwa tamaa ya faida, maana kazi za wachoraji wengi hazipandi bei kamwe.

Picha yangu nimeitundika mbali na jua, lisiififishe. Yule kijana hayupo tena pale. Kila nipitapo huutazama ukuta ule.